Fuata maji, simba utawakuta hukohuko

Kamwene wote, wa Iringa, Njombe, Mbeya, na nyie mliohamia Dar lakini roho mmeziacha huku kwenye baridi. Mwezi uliopita nilisema niulizeni kuhusu hifadhi za kwetu, basi meseji zimekuja mpaka simu imekuwa ya moto, na karibu zote ni Ruaha, Ruaha, Ruaha. Nimechagua chache, zile ndefu nimezikata kidogo mnisamehe, na majina nimeyaficha kama mlivyoomba.

*Anti shikamoo. Mi ni mwalimu hapa Mafinga, nina mke na watoto watatu, mkubwa ana miaka 12 na wa mwisho minne. Tunayo Noah yetu, si mpya ila inatembea. Likizo ya mwezi wa sita nataka niwapeleke Ruaha walau siku mbili maana kila wakiona tembo kwenye tivii wananisumbua. Wenzangu ofisini wananicheka, wanasema ile ni mbuga ya wazungu mwalimu hawezi. Naweza? Na Noah itafika? (Mwalimu, Mafinga)*

Marahaba mwalimu. Hao wenzako usiwajibu, wapelekee picha ukirudi. Hii habari ya mbuga ya wazungu inaniudhi kwa sababu ina ukweli kidogo na uongo mwingi, ukweli ni zile kambi za mahema za ndani za kulala kwa madola, hata mi mwenyewe nimeziona kwa mbali tu. Ila geti ni habari nyingine. Getini Mtanzania analipa kwa shilingi, na bei yake ukiiweka pembeni ya ile ya mgeni anayelipa kwa dola utacheka, na mtoto ambaye hajafika miaka 5 halipi kabisa, kwaio huyo wa mwisho anaingia bure. Bebeni vitambulisho, na vya watoto beba hata kopi za vyeti vya kuzaliwa usianze kubishana na mtu mbele ya geti juani. Alafu usiende na bunda la noti ukadhani utahesabu dirishani, malipo ni kwa kontroli namba, simu au kadi, na mtandao kule una siku zake, kwaio maliza hiyo kazi ukiwa bado Iringa mjini. Ulizia kabisa na tiketi yako inaisha saa ngapi, watu wengi wanaliwa hapo, wanatoka wamechelewa lisaa limoja wanaanza kuomba msamaha.

Hela inapoondoka kweli ni kwenye gari na kulala.

Kulala, mtu wa mshahara kama wewe ana njia mbili. Moja ni mabanda ya hifadhi yenyewe pale Msembe, makao makuu, jirani kabisa na mto, si ya kifahari ila kitanda ni kitanda na usiku unasikia fisi na kiboko bila kulipia ziada. Ya pili ni kulala Tungamalenga, kijiji cha kabla ya geti, kuna nyumba za wageni na kambi za bei ya kueleweka. Mi ningekushauri usiku mmoja angalau mlale ndani, kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi ukiwa tayari uko mtoni ni tofauti kabisa na kufika saa nne jua limeshakuwa kali na kila mnyama mwenye akili zake yuko kivulini.

Sasa Noah. Kutoka Iringa mpaka Msembe ni kama kilomita 130. Ukipita Idodi mpaka Tungamalenga kiangazi Noah itafika, ukiendesha kwa adabu, maana kuna vipande vya vumbi vyenye mikunjo kama bati la nyumba, ukikimbia pale utaacha bampa njiani. Lakini ndani ya hifadhi usiipeleke. Naomba unisikie hapa mwalimu. Ndani kuna mito ya mchanga inabidi uivuke, mchanga mwororo kabisa, gari la tumbo la chini likilala pale hakuna wa kushuka kusukuma kwa sababu hujui nani amelala kwenye yale majani. Iacheni Tungamalenga kwa mwenyeji, kodini Land Cruiser na dereva wa palepale anayezijua njia. Bei ni ya gari siyo ya kichwa, kwaio kama kuna familia nyingine ya walimu jazaneni mgawane.

Kuhusu kukodi mjini Iringa sikukatazi ila kagua. Mwaka fulani nilikodi gari kwa mtu, simtaji, akaniapia kwa mama yake kila kitu kipo. Hatujafika Idodi pancha. Tunafungua nyuma, spea ipo kweli, imelala laini kama andazi la jana, na jeki ni ya gari dogo. Tulikaa chini ya mbuyu masaa manne, kijana mmoja wa baiskeli akabeba tairi kwenye keria akaenda nalo kusikojulikana akarudi limejaa, na mama mmoja nyumba ya jirani akatupikia ugali na mlenda bila hata kuulizwa. Safari yenyewe ya wanyama nimeshaanza kuisahau, ule mlenda bado naukumbuka. Ila we bonyeza spea kwa kidole kabla hujalipa.

Mafuta jazeni Iringa, chakula nunueni soko kuu palepale, maji mengi kuliko mnavyodhani, vifungashio vya nailoni acheni nyumbani maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu 2019. Watoto waambie mapema ndani ya hifadhi hatushuki garini ovyo, kutembea kwa miguu ni kwa mpango maalum na askari mwenye silaha. Na mkila msiache dirisha wazi, nyani wa pale ni majambazi, atachukua mkate mkononi mwa mtoto huku anamwangalia usoni.

Mwezi wa sita mwishoni ni sawa, nyasi zinaanza kulala. Ungeweza kusubiri wa saba au wa nane ingekuwa bora zaidi, ila likizo ni likizo.

*Mambo anti. Mi ni bodaboda Uyole. Mwaka jana mwezi wa tatu tulichanga washkaji wanne tukaenda Ruaha, siku moja tu, kulala hatukuweza. Tumezungushwa masaa sita tumeona twiga, swala, nyani, na mbung'o wengi kuliko wote hao. Simba hola. Wakati Mikumi ukipita na basi unaona tembo barabarani bure kabisa hujalipa hata mia. Sa hii sifa ya Ruaha inatoka wapi? (Mwana wa Uyole)*

Mwezi wa tatu! Nani aliwashauri mwezi wa tatu? Huyo mshkaji mrudishieni pikipiki yake.

Ngoja nikueleze vizuri maana swali lako ni la haki. Ruaha ni kubwa, karibu kilomita za mraba 20,000, ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote Tanzania mpaka 2019 ilipokatwa hifadhi ya Nyerere kutoka pori la Selous. Sasa masika maji yako kila mahali, kila shimo lina dimbwi, kila korongo linatiririka, tembo hana sababu ya kuja mtoni, anakunywa hukohuko porini kwenye miombo ambako hakuna barabara wala dereva wenu hafiki. Nyasi nazo zimepanda mpaka kwenye kioo cha gari. Simba anaweza kuwa amelala hatua kumi kutoka kwenye tairi anawasikiliza mnavyolalamika.

Nenda mwezi wa nane mpaka wa kumi uone pori lingine. Kila kitu kimekauka, mibuyu imebaki matawi matupu kama mizizi imegeuzwa juu, na Ruaha Mkuu wenyewe umebaki madimbwi, na mito midogo kama Mwagusi ni mchanga mtupu kutoka kingo hadi kingo. Hapo sasa ndo tembo wanakuja. Mi nimekaa pale, gari limezimwa, namuangalia tembo jike mmoja anachimba. Anapiga mchanga kwa mguu wa mbele taratibu, teke, teke, alafu anaingiza mkonga anatoa mchanga anaumwaga pembeni kama mtu anayechimba msingi kwa koleo. Shimo linaingia, la wembamba wa mkonga tu, anasubiri. Maji yanajichuja yenyewe polepole chini kule. Anavuta kidogo anamwaga, ile ya kwanza ya tope haitaki, ndo anakunywa ya pili. Mtoto wake anataka kuingiza kichwa kizima anasukumwa na goti. Na nyuma yao nyani wamekaa, nakuambia wamekaa kabisa, wanasubiri foleni kama watu bombani, tembo akiondoka na wao wanakunywa kwenye shimo lile lile. Alafu wanakuja swala pala. Na huko wanakokuja swala na nyati unajua nani yuko kwenye kivuli cha ukingo.

Kwaio simba hatafutwi kwa kuzunguka bana. Watu wanalipa gari wanataka likimbie kutwa nzima kama wanasaka abiria. Mwambie dereva akupeleke kwenye maji, azime gari, mkae masaa mawili. Atakushangaa, madereva wengi wamezoea kukimbiza, ila we ndo unalipa. Watafiti wanasema eneo hili la Ruaha na mapori ya Rungwa yanayopakana nayo lina kama moja ya kumi ya simba wote waliobaki duniani, yani dunia nzima. Hawakuwa likizo siku mlipoenda.

Af pia kuna wanyama wa Ruaha ambao Mikumi kwenye dirisha la basi huwapati kirahisi. Tandala mkubwa na tandala mdogo wote wawili wapo, swala korongo wapo, palahala wapo, mbwa mwitu wapo ukiwa na bahati yako. Na hiyo masika yenu haikuwa bure, ndege wamehesabiwa aina zaidi ya 570, wengi wanakuja kipindi hichohicho cha mvua. Ila najua bodaboda wa Uyole hajachanga hela kuangalia ndege.

*Dada yangu za siku. Mimi ni mama wa hapa Kihesa. Binti yangu aliyeko ughaibuni amepata mchumba Mjerumani, wanakuja mwezi wa nane kujitambulisha, na huyo kijana anasema anataka kwenda Ruaha ila na utamaduni wa Wahehe auone. Naweza kukodi wapi ngoma ya asili ije nyumbani? Na kuna jambo linanitatiza, Kalenga nimpeleke? Mambo ya Mkwawa na Wajerumani wenzie si tutamtia aibu mgeni? (Mama mkwe mtarajiwa)*

Nzuri dada, na hongera. Hii barua nimeisoma nikacheka peke yangu, jirani akauliza kulikoni.

Mpeleke. Tena mpeleke kabla ya tembo, maana iko njiani hata huhitaji kugeuza gari. Kalenga ni kama kilomita 15 tu kutoka mjini kwenye barabara hiyohiyo ya Ruaha. Ndiyo ilikuwa ngome ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, Wajerumani wakaipiga kwa mizinga wakaiteka Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kuwamaliza askari wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na Zelewski mwenyewe alifia palepale. Ndani ya kale kajumba ka makumbusho kuna fuvu la Mkwawa kwenye kisanduku cha kioo. Mueleze kijana lilivyokwenda Ujerumani, lilivyoandikwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba lirudishwe, likakaa hukohuko miaka mingine mingi, mpaka gavana wa Kiingereza Twining alipolileta Kalenga Juni 1954. Akiwa mtu mzima atauliza maswali, akinyamaza pia ni sawa, mtu akikaa kimya mbele ya fuvu lile mi simhesabii kosa. Kijana anayetaka kuoa Uheheni halafu hajui kilichotokea Uheheni huyo ndo wa kumuonea aibu.

Mkitoka hapo mbele tena njia hiyohiyo kuna Mlambalasi, kwenye mapango ya mawe, alikojipiga risasi Mkwawa mwenyewe 1898 wasimkamate akiwa hai. Kaburi liko pale, mwili usio na kichwa. Kalenga kichwa, Mlambalasi mwili, na barabara ya kwenda kuangalia twiga inapita katikati. Sijui kama kuna hifadhi nyingine Tanzania yenye njia ya namna hiyo.

Hata jina lenyewe mwambieni, Ruaha ni luvaha la Kihehe, yani mto, wageni ndo walilibadilisha kwa ulimi wao.

Sasa ngoma ya kukodi. Dada niwe mkweli, ngoma ya kukodi kuja uani kwako saa tisa mchana siipendi. Vijana wanavaa vitambaa wanaruka dakika ishirini wanapewa bahasha wanaondoka, mgeni anapiga makofi, hakuna aliyejifunza kitu. Mi ningempeleka kwa wanaofanya kazi zao za kila siku. Kuna kina mama wanaosuka vikapu vya milulu, hivi vya Iringa vinavyouzwa mpaka Ulaya kwa bei ya kushtua, mkalishe hapo asubuhi moja apewe nyasi ajaribu kusuka duara la kwanza. Atashindwa, watamcheka, na hapo ndo atakuwa ameshaingia kwenye familia. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwa bahati mbaya mwezi wa nane si msimu, mianzi inagemwa wakati wa mvua, unakata ncha ya muanzi mchanga unaning'iniza mbeta, kile chombo cha muanzi, chini yake asubuhi imejaa, ule mtamu wa siku ya kwanza mtogwa hata watoto wanakunywa. Mwambie huo arudi masika, awe na sababu ya kurudi.

Na hili liseme kwa upole lakini liseme. Huko Idodi mpaka Pawaga hawakai Wahehe peke yao, kuna Wabena, Wasangu, Wasukuma, Wamasai, Wabarabaig, kila mmoja na ng'ombe au mpunga wake. Mgeni akiona mmama wa Kibarabaig amevaa ile ngozi yake na bangili anaanza kutoa kamera dirishani gari likiwa linatembea. Asifanye. Ashuke, asalimie, aongee hata kwa ishara, aombe, akikataliwa arudishe kamera kwenye begi. Tembo hana uwezo wa kukataa picha, binadamu anao.

Kama anapenda mambo ya wanyama na watu kwa pamoja muulizieni habari ya kamera za vijijini. Hii kitu naipenda sana. Zamani kijana wa Kibarabaig akiua simba alikuwa anazungukia ndugu anapewa ng'ombe, ni shujaa, na simba kweli alikuwa amekula ng'ombe zao si kwamba anaonewa. Mwaka 2009 ukaanza mradi mmoja wa utafiti wa wanyama walao nyama hapo Ruaha, baadae wakaja na mpango, vijiji vinapewa kamera za kufunga kwenye miti, mnyama pori akipita kamera inampiga picha, kila picha ina pointi zake, fisi ana zake simba ana zake nyingi zaidi, na pointi zinageuka vifaa vya shule, dawa za zahanati, dawa za mifugo. Yani simba akipita kijijini kwako akiwa hai anakuletea madawati. Mahindi bado tembo wanayala usiku na watu bado wanakesha mashambani na madebe, hilo lisifichwe, ila angalau sasa kuna kinachorudi mezani.

*Anti, mimi ni mkulima wa mpunga Mbarali na sina utani leo. Kila mkiandika Ruaha mnaandika wakulima wa Usangu tumekausha mto tembo wanakufa kiu. Babu yangu amelima hapa kabla hatujasikia neno hifadhi. 2006 wafugaji walitolewa, 2008 kinamasi cha Ihefu kikaingizwa kwenye hifadhi, haya, mbona mto bado unakauka? Lawama ni zetu tu? (Mkulima, Mbarali)*

Kaka yangu pole, na nakuambia kabisa wali wa Mbarali naupika kila Jumapili kwaio na mi nimo kwenye hayo maji.

Nieleze ninavyouelewa mto, utanirekebisha. Maji yanatoka kwenye milima ya Uporoto na Kipengere yanashuka Usangu kwenu, yanakusanyika Ihefu. Ihefu ni kama beseni. Upande wa kutokea, pale Ng'iriama, kuna ukingo wa mwamba, maji lazima yajae yafike juu ya ule mwamba ndo yamwagike kwenda hifadhini. Yakiingia kidogo kuliko yanayonywewa na jua, beseni linabaki na maji lakini hayafiki mdomoni, kwaio ukisimama Ihefu unaona maji unasema mbona yapo, na kule Msembe wakati huohuo mto ni mchanga. Kabla ya 1993 haukuwa unakatika kiangazi, tangu hapo karibu kila mwaka unakatika, kuna miaka ni wiki chache na kuna miaka ni miezi.

Lawama si zenu tu, hilo nakubali. Kuna mifereji mikubwa na midogo, kuna ng'ombe, kuna miti iliyokatwa kwenye vyanzo huko juu milimani na vinyungu vya kiangazi ambavyo hata siye wa mijini tunavilia mboga zake. Ila kaka na wewe nikuulize, ule mfereji baada ya kuvuna mnaufunga? Maana nimepita Mbarali mwezi wa saba nikakuta mpunga umeshavunwa na maji bado yanatembea kwenye majaruba matupu, hayana kazi, yanakauka na jua. Hayo ndo yalikuwa yavuke mwamba. Na hayaishii kwa tembo, yanakwenda kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu kuwasha taa za watu ambao hata hawajui Ng'iriama iko wapi.

Ombi langu ni moja, mwezi wa kumi chukua lifti mpaka Msembe ukaangalie mwisho wa mto wako. Utaona kiboko wamebanana kwenye dimbwi moja la tope kama daladala ya saa kumi na mbili jioni, migongo imepasuka, na mamba wamelala katikati yao maana pa kwenda hakuna. Alafu urudi uniandikie tena, ukiwa bado na hasira sawa, nitaichapa.

*Anti mbung'o wa Ruaha dawa yao nini, nilivimba wiki nzima. (Makambako)*

Nguo nyeusi na za bluu usivae kabisa, wanazipenda kuliko damu yako. Vaa kaki, mikono mirefu, funga vioo mkipita kwenye pori zito. Madereva wa kule wanachoma kinyesi cha tembo kilichokauka kwenye kopo nyuma ya gari, moshi wake unawafukuza, unanuka kama nyasi mbichi unazoea. Na mbu usiwasahau kwa kuwaogopa mbung'o, kule ni bondeni malaria ipo, chandarua na dawa ya kupaka.

*Shikamoo anti. Bibi yangu wa Chimala ana miaka 71, anasema amesikia watu wanakwenda mbugani na yeye anataka kwenda kabla hajafa, ila wanyama anawaogopa, hata mbwa wa jirani anamuogopa. Nimpeleke wapi? (Mjukuu, Mbeya)*

Marahaba mjukuu, huyu bibi nimempenda. Na ana bahati maana hifadhi yake iko juu ya kichwa chake hapohapo Chimala anapokaa.

Kitulo. Watu wa kule wanaiita Bustani ya Mungu, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, kilomita za mraba 412 na ushee, haina simba haina tembo. Ni maua. Aina zaidi ya 350 za mimea, na okidi peke yake aina 45, zimesambaa kwenye uwanda wa nyasi juu kabisa mita 2,600 huko, kuanzia Desemba mpaka Aprili unakuta mlima mzima umebadilika rangi, wiki hii njano wiki ijayo zambarau. Anatembea kwa miguu yake mwenyewe, anainama ananusa, anakaa akichoka.

Tatizo ni moja, maua yanataka mvua na barabara inataka jua. Kutoka Chimala kupanda Matamba kuna kona 57, ndiyo maana wanaiita hamsini na saba, na ikinyesha ule udongo ni sabuni. Usipande na dereva wa mjini anayejifunza. Panda na hawa wa Matamba wanaoshusha viazi kila siku, wanazijua zile kona kama vyumba vya nyumba zao, na mkalishe bibi mbele upande wa mlimani asiangalie chini. Muondoke asubuhi sana, mchana ukungu unashuka huoni hata kidole. Koti zito, soksi mbili, kitenge cha kujifunika, akiwa na kofia ya sufu avae. Kiangazi ndo usimpeleke, mwezi wa sita na wa saba kuna sakitu mpaka nyasi zinaungua, na maua hamna.

Kule juu atakutana na Wawanji na Wakinga wanachimba viazi mviringo, aongee nao, wazee wenzie watamwonyesha maua kwa majina ya kwao ambayo hata kwenye vibao hayapo. Asing'oe tu. Najua bibi yeyote akiona ua zuri mkono unamuwasha aende kupanda nyumbani, ila hizi okidi zimeshachimbwa sana, viazi vyake vinapelekwa Zambia kwa magunia kutengeneza chikanda, chakula cha kule, na Chimala kwenye joto haiwezi kuota hata akiimwagilia maziwa. Mpigie picha ameshika shina bila kuling'oa, alafu nitumie hiyo picha.